Sinema ya Wenye Magazeti Iliyotupeleka Kwihara

Siku si nyingi zilizopita tulikuwa Tabora kwa shughuli zetu, na jioni moja mwalimu mmoja, rafiki yetu tangu shuleni, akatualika nyumbani kwake. Mwalimu huyu ana desturi njema: kila mwisho wa mwezi hutundika shuka nyeupe uani, karibu na mwembe, akawaonyesha vijana wa mtaa wake sinema za kale. Jioni hiyo alikuwa na sinema ya Kimarekani iitwayo His Girl Friday, iliyotolewa mwaka 1940, nayo habari yake ni ya watu wa magazeti. Akatuambia, kwa utani wa watu waliokula ugali wa bweni moja, kwamba ameichagua makusudi ili vijana wamwone mhariri wa kwenye shuka na mhariri wa kwenye kiti wamekaa karibu karibu, wapate kupima ni yupi aliye mwovu zaidi.

Tulicheka. Baadaye hatukucheka sana.

Kwa faida ya wasomaji wasioiona, yafaa tuieleze kidogo. Mhariri Walter Burns, anayechezwa na Cary Grant, ameachana na mkewe Hildy Johnson, anayechezwa na Rosalind Russell. Hildy alikuwa mwandishi hodari kuwapita wanaume wote wa gazeti lile. Sasa amekuja ofisini kumpa mumewe wa zamani habari moja tu: kesho ataolewa na Bruce Baldwin, mtu mpole afanyaye kazi ya bima huko Albany, na magazeti ameyapa mkono wa buriani. Ataka nyumba, watoto na usingizi. Walter hataki aondoke, kwa sababu ampenda, na kwa sababu gazeti lamhitaji. Na tangu mwanzo wa sinema hadi mwisho hatukuweza kujua ni sababu ipi iliyo kubwa. Siku hiyohiyo yumo gerezani mtu mmoja, Earl Williams, karani wa hesabu aliyefutwa kazi, akapotewa na akili, akampiga askari polisi risasi. Asubuhi atanyongwa. Walter amwomba Hildy aandike habari moja ya mwisho, ya kumwokoa mtu huyu. Moja tu. Kila aliyewahi kufanya kazi ya gazeti anajua maana ya neno hilo.

Kuanzia hapo ni kicheko juu ya kicheko. Walter amsingizia Bruce wizi wa saa, akafungwa. Akitoka, afungwa tena. Akitoka, akutwa ana noti za bandia mfukoni, zilizotiwa humo na watu wa Walter. Hata mama yake Bruce, bibi wa watu, achukuliwa mzobemzobe na majahili wa mhariri. Mfungwa naye atoroka, aingia katika chumba cha waandishi wa habari, na Hildy amficha ndani ya meza kubwa ya kuandikia, ile ya kizamani yenye kifuniko cha kukunjuka. Habari kubwa ya mji mzima imekaa mezani kwa waandishi, kwa maana halisi ya neno, na hao wengine hawaijui. Watu wa sinema hiyo husema kwa kasi ya ajabu, wawili na watatu kwa pamoja, hata vijana wa Tabora, ambao Kiingereza chao si kibaya, walimwomba mwalimu airudishe nyuma mara kadhaa. Huko kwao husifiwa sana kwa jambo hilo. Kwetu, ambako mtu humngoja mwenziwe amalize, ilionekana kama soko la samaki wakati mashua imefika.

Mwelekezaji wake, Howard Hawks, aliitoa katika mchezo wa kuigiza uitwao The Front Page, wa mwaka 1928, ulioandikwa na Ben Hecht na Charles MacArthur, wote wawili waandishi wa habari wa Chicago kabla ya kuingia katika mambo ya michezo. Katika mchezo wa kwanza Hildy alikuwa mwanamume. Hawks ndiye aliyemgeuza kuwa mwanamke, na kwa badiliko hilo moja ugomvi wa mhariri na mwandishi wake ukawa ugomvi wa mume na mke. Twaona alifanya vyema. Mhariri mbaya na mume mbaya wana tabia nyingi zilizo sawa: wote wawili huahidi mapumziko.

Basi, yako mambo mawili katika sinema hiyo yaliyotufanya tunyamaze. La kwanza ni la askari aliyeuawa. Askari yule alikuwa mtu mweusi. Meya na Sherifu wa mji wataka Williams anyongwe upesi, kabla ya siku ya uchaguzi, ili wapate kura za watu weusi. Hayo yasemwa wazi, kwa maneno machache, kisha sinema yaendelea na vichekesho vyake. Marehemu hana jina la kukumbukwa, hana mjane, hana nyumba. Yeye ni hesabu ya kura. Wenye gazeti wanaowapinga kina Meya nao hawamtaji kwa jambo jingine lolote. Mtu mmoja mweusi aliyekufa ndiye chanzo cha habari yote, na katika habari yote hayumo.

La pili ni la barua. Gavana amempelekea Sherifu hati ya kumzuia Williams asinyongwe. Aliyeileta ni mtu mnyonge, jina lake Pettibone. Meya na Sherifu wamkuta peke yake, na kwa kuwa barua hiyo yawaharibia uchaguzi, wampa ahadi ya kazi nzuri ya serikali ya mji, mradi aondoke aseme hakuwaona. Aondoka. Walakini mwishoni arudi na barua yake mkononi, amekataa hongo, na Williams apona. Tukumbuke kwamba si Walter aliyemwokoa mfungwa, wala si Hildy kwa maandishi yake mazuri. Ni mchukuzi wa barua.

Sinema ilipokwisha, binti mmoja anayesomea uandishi wa habari alitusogelea. “Shikamoo baba.” Tukamwitikia. Akasema, “Baba, Walter ni mwongo na mwizi. Lakini asingekuwa Walter, yule mtu angekwisha nyongwa asubuhi ile. Sasa mimi nijifunze nini?” Tukamjibu maneno ya kawaida ya watu wazima, kwamba sinema ni sinema, na kwamba gazeti la kweli ni jambo jingine. Akashukuru kwa heshima. Tukaona machoni mwake kwamba hakupata kitu.

Kwa hiyo asubuhi yake tulimwomba mwalimu atupeleke Kwihara, na binti yule aje pamoja na shangazi yake. Maana tulikumbuka usiku kwamba habari kama ile ya Walter Burns ilikwisha kutokea hapo karibu na mji, miaka 70 kabla ya sinema ile kutengenezwa, na jumba lake lingali lipo.

Wasomaji wetu wa Tabora walijua jambo hili tangu utotoni, lakini wengi wamelisoma kama habari ya wapelelezi na ramani. Sisi twaomba walisome kama habari ya gazeti. Mnamo Oktoba 1869 James Gordon Bennett kijana, mwenye gazeti la New York Herald, alimwita Paris mwandishi wake Henry Morton Stanley, akamwagiza amtafute Daktari Livingstone katika bara la Afrika, na gharama asizijali. Hapo hapo akampa kazi nyingine za njiani: akaandike kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez, apite Yerusalemu, Konstantinopoli, Uajemi na Bara Hindi. Ndiyo “habari moja tu” ya Walter Burns! Stanley alifika Unguja Januari 6, 1871, akakuta fedha za bwana wake hazikufika. Kama si Balozi wa Marekani, Bwana Webb, kumdhamini kwa wafanya biashara, safari ingekufa pwani. Na huko Unguja alipoulizwa na Bwana Kirk wa ubalozi wa Kiingereza aendako, alisema ataka kuutazama Mto Rufiji. Alikuwa aificha habari yake kama Hildy alivyomficha mtu mezani, asije mwingine akamwahi.

Akaondoka Bagamoyo mwezi wa Machi na misafara 5, watu karibu 190, na mizigo ya tani karibu 6. Mizigo yenyewe ilikuwa shanga, waya na nguo. Na katika nguo, iliyopendwa kuliko zote ilikuwa merikani. Hivyo bara letu lilikuwa likiijua Marekani kwa kitambaa kabla ya kuijua kwa gazeti. Wakapita Mpwapwa, wakalipa hongo Ugogo. Msomaji kijana asishtuke: siku hizo hongo lilikuwa neno la halali, maana yake ushuru wa njia alipwao mtemi kwa nchi yake, maji yake na amani yake. Ni vizazi vya baadaye vilivyolipeleka neno hilo chini ya meza, likawa lile alilopewa Pettibone. Wakaingia Unyanyembe Juni 23, 1871, na Stanley akapewa tembe kubwa Kwihara.

Hapo ndipo jambo la kwanza la kumwonyesha binti yetu lilipo. Mwandishi aliyetumwa kuleta habari aliikuta njia ya Ujiji imefungwa na Mirambo, mtawala wa Urambo, aliyekuwa na ugomvi na wafanya biashara Waarabu wa Unyanyembe. Mwandishi wa habari afanye nini? Mtu angefikiri atakaa barazani aulize: kwa nini Mirambo amefunga njia, ana madai gani, ushuru gani haukulipwa, nani alianza? Stanley hakuuliza sana. Aliinua bendera ya nchi yake, akawachukua askari wake, akaingia vitani upande wa wafanya biashara. Mwezi wa Agosti wakashambulia Wilyankuru. Mirambo akawavizia waliporudi wamebeba mateka, akawavunja. Siku chache baadaye Tabora yenyewe ilishambuliwa na kuteketezwa kwa moto, na mmoja wa wakubwa wao, Khamis bin Abdullah, akauawa. Stanley alikuwa tembeni Kwihara akitoboa kuta matundu ya bunduki. Alikuja kuandika habari, sasa yeye ndiye habari.

Hatusemi haya kwa kumcheka. Sisi watu wa magazeti yenye upande twajua utamu wa kuinua bendera. Walakini tazama yaliyofuata. Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, Stanley yuleyule, sasa ametumwa na Herald pamoja na Daily Telegraph la London, alikutana na Mirambo ana kwa ana. Alitazamia jambazi. Akamkuta mtu wa adabu, mwenye sauti ya upole na macho matulivu, akamsifu katika maandishi yake, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Lakini habari za mwaka 1871 zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa na kusomwa, na katika vitabu vya watoto wa shule, kwa muda mrefu sana, Mirambo aliendelea kuwa jambazi wa njia. Gazeti hukimbia kwa miguu miwili. Sahihisho lake hutambaa.

Mnamo Septemba 20 Stanley aliondoka Kwihara kwa njia ya kusini, akizunguka vita. Akamwacha Mwingereza Shaw, mgonjwa, naye akafa huko. Mwenzake Farquhar alikuwa amekwisha kufa Mpwapwa. Wapagazi na askari waliotoroka na kukamatwa walitiwa mnyororo uleule wa kufungia watumwa, na fimbo haikupumzika. Hayo si maneno ya maadui zake, aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1872, pasipo haya. Hata nahodha wake, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani Bara Hindi akiwa mtoto, akarudi huru, akawaongoza kina Speke kabla Stanley hajapata kuisikia Tabora, naye alionja fimbo. Katika mizigo ulikuwemo mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa tarehe ya Novemba 1, 1870, ambao watu waliokodiwa kuupeleka walikuwa wameuchelewesha. Stanley aliukuta njiani, akaufikisha Ujiji mwaka mzima baadaye. Yeye pia, katika jambo hilo, alikuwa mchukuzi wa barua, na twaona ni kazi yake iliyo safi kuliko zote.

Mkutano wa Ujiji kila mtu aujua. Tuuruke.

Februari 18, 1872 wote wawili walifika Kwihara, wakakaa katika tembe hilo mpaka Machi 14, Stanley alipoondoka kwenda pwani akiwa na daftari na barua za Daktari. Mzee alibaki akingoja watu wa kutoka Unguja hata Agosti. Jumba liliposimama sasa ni makumbusho. Ukisimama uani, kimya ni kikubwa mno. Binti alitembea chumba kwa chumba akinakili katika daftari lake, shangazi yake akauliza maji yalichotwa wapi na nani alikuwa akipika. Ni swali zuri kuliko yote tuliyosikia siku hiyo.

Aliyekuwa akipika aliitwa Halima. Na hapo twarudi kwenye mambo ya sinema, maana mwaka 1939 watu wa Hollywood waliitengeneza safari hii kuwa sinema, Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley, na baadhi ya picha zake zilipigwa kweli katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Lakini waliona habari imepungukiwa na mapenzi. Wakamtungia Stanley msichana wa kumpenda, Eve Kingsley, ambaye hakupata kuwako duniani, na rafiki wa safari, Slocum, Mmarekani wa kubuni. Ati njia ya Bagamoyo hadi Ujiji haikuwa na rafiki wala mapenzi ya kutosha mpaka yaletwe kwa meli kutoka California!

Mapenzi yalikuwapo. Kumbukumbu za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, zina habari ya mwanamke aliyekuwa katika msafara wake, jina lake Ntaoeka. Alikuwa mwanamke mzuri, mwenye umbo, hana mume, na Mzee aliogopa asije akaleta fitina kambini. Akamshauri achague mmoja katika watu wake watatu: Chuma, Gardner au Mabruki. Ntaoeka akatabasamu tu. Wawili wa mwisho, aandika Mzee, hawakuwa na sura ya kumvuta mwanamke. Na Chuma alikuwa mvivu mno hata wa kutafuta mke. Chuma alipoambiwa hivyo akajitetea: kweli alikuwa mvivu, lakini uvivu wenyewe ulitokana na kukosa mke, akaahidi kubadilika. Mwishowe wanawake wengine wa msafara walitaka Ntaoeka aolewe, na alipoulizwa mara ya pili akakubali kuolewa na Chuma. Tangu siku hiyo, asema Mzee, alikuwa wa kwanza kuamka penye baridi, kuwasha moto, kutwanga, kuteka maji, kufagia na kupika.

Tulipomsimulia binti habari hiyo pale uani alicheka mpaka akaketi. “Baba, hii ndiyo sinema yenyewe!” Kweli. Ina mwanamke anayejua thamani yake, wachumba watatu wasiofaa, mshenga mzee mwenye wasiwasi, na ulimi wa Chuma, ambao Cary Grant asingeuweza. Kisha shangazi akasema, kana kwamba asema na nafsi yake, “Lakini huyo mwanamke hakupumzika hata kidogo.” Tukakumbuka mwisho wa His Girl Friday. Hildy amemrudia Walter, wanakwenda kufunga ndoa tena na kupumzika Niagara. Simu yalia, kuna mgomo Albany, mapumziko yamekwisha kabla ya kuanza. Walter atoka mbele akisema, na Hildy afuata nyuma, amebeba sanduku lake mwenyewe.

Na Chuma huyo ndiye, pamoja na Susi na wenzao, aliyeubeba mwili wa Livingstone mwaka 1873 kutoka kwa Chitambo hadi pwani, na walipita hapa Kwihara, mwezi wa Oktoba. Luteni Cameron, waliyemkuta hapa, aliwashauri wamzike. Wakakataa.

Tusije tukamdhulumu Stanley, wala New York Herald. Hapa pana fumbo lilelile la binti yetu. Bennett alitaka kuuza magazeti. Hakuwa na huruma na mpagazi wala na mtumwa. Barua ya kwanza ya Stanley kutoka Kwihara ilitokea katika gazeti lake Desemba 1871, na habari kubwa ya mkutano Julai 1872, na magazeti yakauzwa. Walakini ndani ya mfuko aliouchukua Stanley zilikuwamo habari za Livingstone juu ya biashara ya watumwa, na juu ya mauaji aliyoyaona Nyangwe, penye Mto Lualaba, Julai 15, 1871, wafanya biashara walipoifyatulia bunduki gulio iliyojaa wanawake. Kwa hesabu ya wafanya biashara wenyewe, waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alimwandikia mwenye gazeti kwamba, kama maneno yake yatasaidia kuikomesha biashara hiyo, hilo kwake litakuwa kubwa kuliko kuzigundua chemchemi zote za Mto Nile. Habari hizo zilisomwa na watu wasiohesabika. Zilitia nguvu hasira iliyokuwa imekwisha kuanza Uingereza, na Juni 5, 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko la watumwa la Unguja. Njia za bara ziliendelea kutembea mateka kwa miaka mingine; lakini soko lile halikufunguka tena.

Na aliyezichukua habari hizo kwenda pwani ni mtu aliyekuwa amepigana Wilyankuru upande wa wafanya biashara wa aina ileile. Mtu aliyeondoka Kwihara na mtoto mdogo aliyepewa na mfanya biashara mmoja kama zawadi, kama mtu apewavyo kuku. Mtoto huyo, Ndugu Mhali kwa jina lake, akaitwa Kalulu, akapelekwa London na Marekani, akafa maji katika maporomoko ya Mto Kongo mwaka 1877. Mpaka leo kuna wanaouliza kama Stanley alikuwa mtu mwema au mbaya. Sisi twaona swali hilo halimsaidii mwandishi. Linalomsaidia ni kutazama mfukoni: ni nini kilichofika, na nani alikibeba, na nani alipigwa njiani ili kifike.

Tulimwambia binti hivyo, tukaona safari hii amesikia. Lakini naye alikuwa na jambo lake. Akauliza kwa adabu, akitazama chini: “Baba, katika sinema, magazeti mengine yanakaa upande wa Meya. Kama Meya angekuwa wa kwenu, ile barua ya Pettibone mngeitoa?”

Mwalimu alikohoa, akaenda kuutazama mlango uliochongwa.

Tungeweza kumjibu kwamba gazeti la chama ni la wanachama, na ya kwamba mwanachama wa kwanza ni mkulima na mfanya kazi, na kwa hiyo barua yake ni ya kwanza. Hayo ni kweli na tumeyaandika mara nyingi katika ukurasa huu. Lakini tulipokuwa twayapanga kinywani tulikumbuka saraka ya meza yetu, upande wa kulia. Humo imo barua ya wakulima 11 wa tumbaku wa upande huuhuu wa nchi, waliopima mzigo wao, wakapewa stakabadhi, wakangoja fedha msimu mzima. Waliandika kwa mkono, kwa kalamu ya buluu, na kila mmoja ametia sahihi au dole gumba. Tuliipokea mwezi wa pili. Hakuna aliyetupigia simu kutukataza. Hakuna aliyetuahidi kazi nzuri. Tulisema tu kwamba ngoja kwanza tumwulize mkubwa fulani, na mkubwa alikuwa safarini, na aliporudi kulikuwa na mkutano, na baada ya mkutano tukaona aibu kuuliza jambo lililokwisha kukaa muda mrefu hivyo. Hata Pettibone alihitaji kupewa hongo ili aondoke. Sisi tuliondoka bure.

Tukamwambia binti ukweli huo, mbele ya shangazi yake. Hakusema kitu. Aliandika mstari mmoja katika daftari lake, akalifunga.

Tumerudi ofisini juzi. Barua tumeitoa sarakani, na mwandishi wetu amekwenda kwa treni ya jana kuwaona wakulima wale na kuzitazama stakabadhi zao, na kuisikia pia ofisi inayohusika, ambayo hatutaitaja mpaka isemewe yake. Barua yenyewe, neno kwa neno, itatokea Jumanne, ukurasa wa kwanza.